Kiti cha Bi Mejumaa katika Nchi ya Dibaji

"Sikatai kwamba kiti kimeibwa, mama," sajini alisema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Ninachosema ni kwamba mimi sijafika kwenye wizi."

"Hujafika wapi?"

"Kwenye wizi. Mimi bado niko kwenye upotevu. Ungekuwa umekipoteza, hapo tungekuwa na pa kuanzia, ingawa na huo upotevu wenyewe nimeusoma nusu."

Mwatime alibandika viganja vyote viwili juu ya kaunta. Alikuwa mwanamke wa hatua ndefu na maneno makavu, amelea watoto wanne, na sauti yake ilikuwa ile inayofika chumba cha pili bila kupazwa.

"Sajini, nisikilize vizuri. Sijapoteza kitu. Mama yangu hatembei. Tulimteremsha kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu ajaribu buibui, hapo dukani ng'ambo ya barabara. Akaja mwanamume mrefu, kofia ya njano, akashika mpini, akasukuma, akaenda zake. Tena alipofika kwenye kona akatupungia mkono. Anayekupungia mkono hajaokota. Ameiba."

"Alipunga mkono gani?"

"Mkono gani unahusu nini?"

"Sijui," sajini alikiri. "Hilo ni swali nililofundishwa kuuliza. Cha kufanya na jibu lake ni kozi nyingine."

Kutoka ng'ambo ya barabara, sauti ya kikongwe ilipenya dirishani ikiruka juu ya honi za magari. "Mwatime! Huyo askari ameshakwenda kukifuata kiti, au bado anakutongoza?"

"Anasoma, mama!"

"Anasoma nini?"

"Hata mwenyewe hajui!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni Bi Mejumaa, mama yake Mwatime, aliyekalishwa juu ya gunia la mchele mbele ya duka, buibui jipya likiwa bado na kipande cha bei shingoni. Alivunjika nyonga miaka ya nyuma na tangu hapo miguu yake ilikuwa ni hicho kiti. Yeye na binti yake walikuwa wakiipita tu nchi ya Dibaji kwenda nchi ya pili, anakoishi Mwanatumu, mdogo wake Bi Mejumaa. Mwanatumu alikuwa akipofuka. Alituma ujumbe kwamba nuru iliyobaki anaitunza kwa ajili ya kuuona uso wa dada yake, basi dada afanye haraka. Gari la mpakani lilikuwa linaondoka alasiri hiyo, na likishaondoka halirudi mpaka mwezi mwingine uandame. Ng'ambo ya mpaka ni kilima ambacho gari halipandi. Bila kiti, Bi Mejumaa angefika chini ya kilima na kuishia hapo, akiitazama nyumba ya mdogo wake kama picha ya kalenda.

Hayo yote Mwatime alikuwa ameshamweleza sajini, na sajini alikuwa ameyasikiliza kwa makini sana. Kusikiliza alikuwa amefuzu.

Jina lake lilikuwa Sajini Pandu. Alikuwa mtu wa makamo, mvi zimeanza masikioni, sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata ndizi. Shingoni alining'iniza filimbi ya shaba iliyokuwa iking'aa kila mahali isipokuwa mdomoni. Pale mdomoni ilikuwa imezibwa kwa nta nyekundu, na juu ya nta pamegongwa muhuri.

"Hiyo nayo ina ugonjwa gani?" Mwatime aliuliza.

Pandu aliifunika kwa kiganja kama mtu aliyeulizwa habari za mkewe. "Tunapewa siku ya kuapishwa. Nta inavunjwa siku unapofuzu Kozi ya Sauti."

"Wewe umeapishwa lini?"

"Mwanangu wa kwanza alikuwa ananyonya. Sasa ana mtoto anayenyonya."

Na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya isipokuwa kueleza, alieleza, na Mwatime alisikiliza, mguu wake ukigonga sakafu.

Zamani askari wa Dibaji walikuwa kama askari wa kwingineko, wengine wema, wengine wazembe. Kisha konstebo mmoja, akimfukuza mwizi wa kuku, alimkamata bwana harusi aliyekuwa amebeba kuku akimpelekea mama mkwe wake. Harusi nzima ililala kituoni, wapiga ngoma kwa wapishi, na bibi harusi akapakwa hina chini ya taa ya mahabusu. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Bunge likakaa. Likapitisha sheria kwamba kuanzia siku hiyo askari hatatia mkono kwenye jambo lolote ambalo hajalisomea likaisha. Ilikuwa sheria nzuri. Hata Mwatime, ambaye si mwepesi wa kusifia, aliisifia.

Mwaka uliofuata Bunge liliona kwamba elimu hiyo isipoangaliwa itazeeka na wenyewe, likaongeza kwamba kila atakayefuzu jambo atakuwa mwalimu wa jambo hilo. Nayo ilikuwa na akili. Kisha walimu wakalalamika kwamba wakitumwa mitaani wanarudi darasani wamechelewa, viatu vina matope, wanafunzi wanawasubiri. Likaongezwa neno moja tu, kwamba mwalimu asitumwe mitaani. Nani angelipinga?

"Subiri," Mwatime alisema. "Asiyejua haruhusiwi kufanya."

"Naam."

"Na anayejua haruhusiwi kutoka."

"Ndivyo."

"Sasa huko nje yuko nani?"

Sajini Pandu alitazama dirishani, pale ambapo magari yalikuwa yamejifunga fundo kwenye mzunguko, kila dereva akimweleza mwenzake kuhusu mama yake. Mwatime mwenyewe kuivuka barabara ile kulimchukua muda wa kuivisha wali. "Wananchi," sajini alijibu.

Wananchi wa Dibaji, ni haki kusema, walikuwa wamejipanga. Walifunga masufuria milangoni yagongane mlango ukiguswa. Mwenye baiskeli alilala amejifunga nayo kwa kamba mguuni. Mgeni akiwauliza kama hawachoki, walimtazama kwa huruma. Muuza duka aliyempa Bi Mejumaa gunia la kukalia alikuwa amemwambia Mwatime, kifua mbele, kwamba duniani kote hakuna polisi waliosoma kama wa kwao. Alisema hayo huku akinyoosha shingo kuona kama mtu anamwibia sukari.

"Nipeleke kwa mkubwa wako," Mwatime alisema.

"Mkuu yuko ukumbini, kuna semina. Lakini una bahati, mama." Uso wa Pandu ulichangamka. "Leo wako kwenye wizi."

Alimwongoza ndani, wakapanda ngazi. Jengo lile lilikuwa limejengwa liwe kituo cha polisi, na ukiangalia vizuri ungekiona bado kituo chini ya chuo, kama mtu unayemjua aliyevaa nguo za kukodi. Chumba cha silaha kilikuwa jiko la chai. Mahabusu ilikuwa wazi, na ndani, kuanzia sakafuni mpaka darini, vilipangwa vyeti vilivyotiwa fremu. Ukutani vilikuwa vimeshajaa.

"Hivi vyako viko wapi?" Mwatime aliuliza akipita.

"Kona ile, karibu na ndoo. Kusimama Wima, Hatua ya Kwanza na ya Pili. Kutazama. Kutazama kwa Makini. Utangulizi wa Kukimbia."

"Ulikimbia?"

"Ilikuwa utangulizi, mama. Tulikaa."

Walipofungua mlango wa ukumbi walipokewa na makofi. Hayakuwa yao. Safu kwa safu za askari, wengi wamevaa miwani ya kusomea, filimbi zenye nta zikiwaning'inia vifuani, walikuwa wakimpigia makofi ya kilo mtu aliyesimama jukwaani. Alikuwa mwanamume mrefu. Alivaa kofia ya njano. Na mbele yake, kikiwa kimeinuliwa juu ya meza kama keki ya harusi, palikuwa na kiti cha magurudumu chenye mto wa leso nyekundu ambao Bi Mejumaa aliushona kwa mkono wake.

"Ndiye huyo," Mwatime alisema.

"Nani?"

"Mwizi! Na kile pale ndicho kiti!"

Pandu alishangaa kwa dhati. "Yule ni Bwana Tindwa. Ni mkufunzi mgeni."

Bwana Tindwa alimwona Mwatime, akampungia mkono. Ulikuwa mkono wa kushoto, kama kuna ambaye bado anataka kujua.

"Nimefurahi umefika, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Washiriki, huyu ndiye mhusika wa pili katika mfano wetu. Angalieni uso. Ule tunauita mshtuko. Andikeni."

Kalamu ziliinama.

"Nipe kiti cha mama yangu."

"Nitakupa, bila shaka, somo likiisha."

"Umekiiba."

"Siibi siku hizi, mama. Naandaa somo." Alisema hivyo bila kejeli, hata kwa masikitiko kidogo, kama mcheza mpira aliyegeuka kocha. "Huwezi kufundisha kwa maneno matupu. Wanataka kitu cha kushika. Wiki jana nilileta mbuzi."

"Na mbuzi alirudishwa?"

Jukwaani pakawa na kikohozi. Aliyekohoa alikuwa Kamanda Hemedi Dau, Mkuu wa Chuo, mtu mnene mwenye adabu nyingi na sauti ya kusoma taarifa ya habari. Alishuka, akampa Mwatime mkono, akamvutia kiti, akaagiza aletewe chai na sambusa. Mwatime alibaki amesimama.

"Kamanda, gari langu linaondoka alasiri."

"Nakuelewa kabisa," Kamanda Dau alisema, "na suala lako tumelipa uzito. Limejadiliwa katika makundi tangu asubuhi. Kundi la Tausi, tusomeeni mlipofikia."

Askari wawili walisimama wakiwa wameshika karatasi kubwa iliyojaa mishale. Mmoja alisoma kwamba Kundi la Tausi limejiuliza mwenye kiti ni nani, anayekikalia au anayekisukuma, na limeona kwamba kwa kuwa wakati wa tukio hakuna aliyekuwa amekikalia wala kukisukuma, kiti kilikuwa katika hali ya mpito. Kundi la Korongo lilipinga vikali. Korongo walisema kiti kilicho juu ya meza si kiti tena, ni kifaa cha kufundishia, na kifaa cha kufundishia hakiibiki. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza kama mto wa leso ni sehemu ya kiti au ni abiria. Swali lilipendwa sana. Lilipigiwa makofi ya kilo, na Kamanda akaagiza liundiwe kundi lake.

Mwatime aliangalia nje. Kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa kimeshaanza kulala barabarani.

"Kamanda," alisema, "wewe ni mtu mzima. Umemwona mwizi. Umekiona kiti. Umeniona mimi. Umebakiza kitu gani?"

"Mama, nikuulize nami." Kamanda Dau aliinamisha kichwa, na safari hii sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imemtoka. "Una mtoto wa kiume?"

"Ninao."

"Ungependa akutane barabarani na askari asiyejua kitu, mwenye rungu mkononi na hasira kichwani, amkamate kwa kosa la mwingine?"

Mwatime aliliona kuwa ni swali la haki, tena mwanawe alikuwa na miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, na hapakosi nchi yenye askari wa namna hiyo.

"Hapana," alisema. "Huyo simtaki. Namtaka aliyesoma. Lakini mimi nami nilikaa chuo, Kamanda, nilisomea lishe, diploma yangu iko ukutani nyumbani. Siku niliyomaliza nilirudi jikoni. Nisingerudi, wanangu wangekula daftari."

Mtu alicheka safu ya kati, akajikumbuka, akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Umesema vizuri," Kamanda alisema kwa moyo wote. "Kwa kweli umesema vizuri mno. Washiriki, mmeandika? Mama, tuna kozi ya raia. Mlalamikaji, Hatua ya Kwanza. Inaanza Jumatatu. Ningefurahi kukuona humo, na ukifuzu utaifundisha."

Kutoka ng'ambo ya barabara sauti ya Bi Mejumaa ilifika tena, safari hii nyembamba zaidi. "Mwatime! Utingo anapakia mizigo! Niache mimi, uende wewe! Mwambie Mwanatumu nilikuja mpaka hapa!"

Sajini Pandu, aliyekuwa bado mlangoni, aligeuza uso. Mwatime hakugeuza. Alikuwa akiutazama mto mwekundu.

"Kamanda," alisema taratibu, "nina swali la mwanafunzi."

"Uliza, uliza!"

"Hivi nikikichukua kile kiti nikaondoka nacho, humu ndani nani atanizuia?"

Kamanda Dau alifungua mdomo. Aliangalia safu ya mbele. Safu ya mbele iliangalia safu ya pili. Kundi la Tausi lilishauriana kwa kunong'ona.

"Kumzuia mtu anayeondoka," Kamanda alisema mwishowe, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, "hatujafika."

"Ahsante," Mwatime alisema.

Akapanda jukwaani. Akakishika kiti kwa mikono yote miwili, akakishusha mezani kama anavyoshusha sufuria la pilau, akakipangusa chaki, akaanza kukisukuma katikati ya safu. Askari walivuta miguu kumpisha. Mmoja alisema "samahani". Wengine waliandika.

Alikuwa amefika nusu ya ukumbi Bwana Tindwa alipoamka kutoka kwenye mshangao wake.

"Jamani!" alipiga ukelele. "Anaondoka nacho! Mwanamke anaiba! Mkamateni!"

Hakuna aliyesogea. Askari walimtazama kwa shauku, wakingoja aeleze kama huo nao ni mfano.

"Si mfano, enyi mabwege! Ni kweli! Mwizi! Askari!" Sauti yake ilikuwa imepanda ikakatika. Inaelekea kwamba katika maisha yake yote msaada wa askari ulikuwa jambo ambalo hakuwahi kulihitaji, na lilimuuma kugundua kwamba halipo. Aliruka kutoka jukwaani, akapita juu ya meza za Kundi la Korongo, akamfikia Mwatime karibu na mlango, akashika gurudumu.

"Achia," Mwatime alisema.

"Kina saini yangu kwenye mpango wa somo!"

"Kina nyonga ya mama yangu. Achia!"

Akavuta. Tindwa naye akavuta. Mto wa leso ulianguka sakafuni, na Tindwa, katika kujishindilia miguu, akaukanyaga.

Sajini Pandu aliuona ule mto chini ya kiatu. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka hapo, wima, kama alivyofundishwa Hatua ya Kwanza na ya Pili. Alikuwa ametazama, na ametazama kwa makini. Aliinua filimbi. Akaiangalia nta nyekundu na muhuri aliokuwa akiupangusa kwa kitambaa kila asubuhi tangu mwanawe ananyonya. Akaitia mdomoni, akaing'ata ile nta kama mtu anayeng'ata mfupa, akaitema.

Akapuliza.

Kwanza ilitoka hewa na vumbi. Kisha ikafunguka. Ilikuwa sauti kali na safi iliyojaa ukumbi, ikashuka ngazi, ikatoka barabarani. Askari wa safu ya mbele waliziba masikio. Mzee wa safu ya nyuma alilia machozi, akasema ndivyo alivyokuwa akiiwazia siku zote. Nje, honi zilikatika zote pamoja, na Bi Mejumaa juu ya gunia alisema baadaye kwamba alidhani birika la muuza chai limepasuka.

Pandu aliiacha filimbi ikaning'inia, akanyoosha mkono, akamshika Bwana Tindwa juu ya kiwiko.

"Bwana Tindwa, uko chini ya ulinzi."

"Kwa cheti gani?"

"Sina."

"Basi huwezi kunikamata."

"Nimekushika," Pandu alisema, akauangalia mkono wake mwenyewe kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. "Naona nimekushika."

Tindwa aliachia gurudumu. Mwatime aliuokota mto, akaukung'uta mara mbili kwenye nguzo ya mlango, akaurudisha mahali pake.

"Sajini Pandu." Kamanda Dau alikuwa amefika mlangoni. "Umevunja muhuri."

"Ndiyo, afande."

"Kozi ya Sauti hujaifanya."

"Bado, afande. Nitakuja Jumatatu, na nitakaa mbele, maana nimeona mwanzo ilitoka vumbi na sijui kwa nini. Lakini leo niko kazini."

Kamanda Dau alisimama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake alilijua zamani, kabla hajalifundisha. Kisha, bila kumwangalia mtu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo uliojaa kutu, akampa Pandu.

Mahabusu, kama ilivyosemwa, ilikuwa imejaa vyeti. Basi Pandu alimwamuru Tindwa avitoe, naye akavitoa, akivipanga ukutani koridoni kimoja baada ya kingine, vikiwemo vya shukrani alivyotunukiwa yeye mwenyewe. Vilipobakia vya kona ya ndoo, Pandu alisema hivyo viache, utavikalia. Tindwa akaingia. Ufunguo ukagoma. Mwatime akachovya kidole kwenye mafuta ya sambusa zilizokuwa zikipita kwenye sinia, akaupaka, na mlango ukafungwa.

Kisha wakabeba kiti, yeye mbele na sajini nyuma, wakashuka ngazi na kutoka kwenye jua. Honi zilikuwa zimerudi. Walivuka kwa kujipenyeza kati ya mabati ya moto ya magari mpaka dukani, wakamnyanyua Bi Mejumaa kutoka kwenye gunia na kumkalisha. Yeye akakaa, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akapapasa mto.

"Una alama ya kiatu," alisema.

"Nitaufua tukifika, mama."

"Na huyu ndiye yule askari anayesoma?"

"Ndiye."

Bi Mejumaa alimkagua kuanzia mvi hadi viatu, kisha akaona filimbi na kipande cha nta kilichomganda ndevuni. "Umechelewa, mwanangu," alisema, "lakini umekuja. Jipanguse kidevu."

Pandu alijipangusa.

Ng'ambo ya mzunguko utingo wa gari la mpakani alikuwa ameshapanda ngazini, akipiga bati kwa kiganja. Kati yake na wao palikuwa na lile fundo la magari, bampa kwa bampa, na halikuacha pa kupitisha hata mbuzi, sembuse kiti. Dirisha lote la ukumbi wa juu lilikuwa limejaa miwani.

"Sajini," Mwatime alisema, "magari umesomea?"

"Hapana, mama."

Aliweka kofia yake sawa, akashuka kutoka kando ya barabara, akatembea mpaka katikati ya mzunguko, na kuinua mkono.

Magari yakasimama.

"Sukuma, Mwatime," Bi Mejumaa alisema, na Mwatime akasukuma.